Mjumbe wa Wote ni Mjumbe wa Nani?

Kila uchaguzi wa wajumbe unapokaribia, swali moja hurudi katika mikutano ya matawi. Je, kila idara ichague mjumbe wake yenyewe, au kiwanda kizima kipige kura pamoja na washindi wawe wajumbe wa wote? Wengi hulipuuza swali hili. Hudhani ni kazi ya karani wa kuhesabu kura, nao hungoja kusikia majina tu. Sisi twaona kwamba swali hili ndilo huamua nani atasikika na nani atakaa kimya muhula mzima.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta somo. Wilaya yetu ya Rubavu, ambayo wengi wetu bado twaiita Gisenyi, ilipitia badiliko la namna hii mwaka 2021. Tulitazame badiliko hilo kwa utulivu, kisha tulilete kiwandani na shambani.

YALIYOBADILIKA RUBAVU

Wilaya ya Rubavu ina sekta 12, yaani imirenge: Bugeshi, Busasamana, Cyanzarwe, Gisenyi, Kanama, Kanzenze, Mudende, Nyakiriba, Nyamyumba, Nyundo, Rubavu na Rugerero. Kila sekta ina shida zake. Bugeshi na Busasamana ziko mpakani na Kongo, na watu wake ni wakulima wa viazi. Nyamyumba iko ziwani, na huko ndiko kiliko kiwanda cha bia cha Bralirwa, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1957. Mjini Gisenyi wananchi hawajasahau mitetemeko ya Mei 2021, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, iliyopasua nyumba na maduka. Kanama, Nyundo na Rugerero zimepitiwa na mto Sebeya, nao hausahau kufurika.

Katika uchaguzi wa 2016, wananchi wa kila sekta walipiga kura ya siri kumchagua diwani wao wa kuingia katika baraza la wilaya, yaani njyanama. Mtu wa Mudende alimjua diwani wa Mudende. Akikutana naye sokoni aliweza kumwuliza, "Barabara yetu vipi?"

Sheria ya 2021 iliubadili utaratibu huo. Baraza la wilaya likawekewa watu 17. Kati yao, 8 ni madiwani wa jumla wanaochaguliwa kwa ajili ya wilaya nzima. Wanawake 5 huchaguliwa kutimiza ile asilimia 30 inayotakiwa na katiba. Wanne waliobaki huingia kwa nafasi zao: mwakilishi wa vijana, wa baraza la wanawake, wa watu wenye ulemavu, na wa shirikisho la sekta binafsi. Wananchi walijipanga foleni vijijini Oktoba 2021 kuchagua viongozi wa ngazi ya chini. Kura za madiwani wa wilaya zilifuata Novemba, zikapigwa na wajumbe waliokwisha kuchaguliwa huko chini.

Sasa tufanye hesabu ndogo. Sekta ni 12, na viti vya jumla ni 8. Hata kama kila diwani wa jumla angetoka katika sekta yake peke yake, sekta 4 zingebaki bila mtu katika viti hivyo. Wanawake 5 wakiongezwa, idadi inafika 13, na huenda kila sekta ikabahatika kupata mtu. Lakini hiyo ni bahati, kwa kuwa wote 13 huchaguliwa kwa jina la wilaya nzima.

KWA NINI ENEO ZIMA?

Haifai kulihukumu badiliko hili kabla ya kusikiliza hoja zake, na hoja zenyewe zina uzito. Ya kwanza ni kwamba diwani wa sekta moja huvutia kwake. Kila mmoja hutaka zahanati ijengwe kwao, na bomba la maji lipite kwao. Baraza likigeuka soko la kugawana, mradi mkubwa unaohitaji sekta tano kushirikiana haupati mtetezi. Diwani wa wilaya nzima hana budi kufikiri juu ya wilaya nzima.

Hoja ya pili inatugusa sisi watu wa Gisenyi kuliko wengine. Nchi yetu ililijua tatizo la ukanda. Chini ya utawala wa chama kimoja cha MRND, nafasi za shule na kazi ziligawanywa kwa kile kilichoitwa mizani, yaani kwa kabila na kwa mkoa. Rais Juvénal Habyarimana alitoka katika mkoa wa Gisenyi, na mkoa huu ulipendelewa. Mtu wa Butare au Gitarama aliyenyimwa nafasi aliona waziwazi kwamba mahali alipozaliwa ndipo palipomwangusha. Ubaguzi wa kabila na wa kanda ulikuwa miongoni mwa sumu zilizoifikisha nchi kwenye mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994.

Ndiyo maana, tangu uchaguzi wa 2003, wabunge 53 wanaochaguliwa moja kwa moja na wananchi huchaguliwa kwa nchi nzima kama jimbo moja. Mpiga kura huchagua orodha ya chama, na viti hugawanywa kwa kadiri ya kura. Chama kisichofika asilimia 5 hakipati kiti, na mgombea binafsi naye hutakiwa kufika hapo. Katika uchaguzi wa Julai 2024, orodha ya RPF na vyama vilivyoungana nayo ilipata viti 37. PL na PSD vilipata viti 5 kila kimoja, na vyama vitatu vingine viti 2 kila kimoja. Mgombea binafsi mmoja tu ndiye aliyekuwa kwenye karatasi ya kura, naye hakufika asilimia hiyo.

Kwa hiyo mchumaji wa chai wa Pfunda akiulizwa mbunge wake ni nani, hana jina moja la kutaja. Mwenzake wa Kericho nchini Kenya, au wa Mufindi nchini Tanzania, atataja jina bila kusita, hata kama jina hilo linamkasirisha. Sisi wabunge wote 53 ni wetu. Faida yake ni kwamba hakuna mbunge anayeweza kusema, "Mimi si wa watu wa Gisenyi." Hasara yake ni kwamba hakuna anayelazimika kusema, "Mimi ni wao."

USIKU WA SEBEYA

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini mwa nchi. Watu zaidi ya 130 walikufa kwa mafuriko na maporomoko ya ardhi. Hapa Rubavu, Sebeya ilivunja kingo, ikaingia majumbani watu wakiwa wamelala. Familia nyingi zilibaki na nguo za mwilini tu.

Siku chache baadaye, tarehe 6 Mei, baraza la wilaya lilikutana kwa dharura na kumwondoa meya Ildephonse Kambogo, likisema kwamba hakutimiza wajibu wake. Meya huyo alikuwa amechaguliwa Novemba 2021. Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu. Tunayataja kwa sababu yanaonyesha pande mbili za jambo letu.

Upande wa kwanza: baraza lililochaguliwa kwa wilaya nzima lilikutana haraka na kuamua haraka. Hakuna aliyeweza kusema kwamba mafuriko ni ya Rugerero, hivyo diwani wa Bugeshi hayamhusu.

Upande wa pili ni mgumu zaidi. Kufurika kwa Sebeya hakukuwa jambo jipya. Kabla ya usiku ule, mkazi wa ukingo wa mto alikuwa na nani wa kumfuata na kumwambia, "Wewe ndiwe mtu wetu, ukuta huu hautoshi"? Katibu mtendaji wa sekta ni mwajiriwa wa serikali, hakupigiwa kura. Madiwani 17 wote ni wa wilaya. Anayepaswa kuulizwa na watu wote mara nyingi haulizwi na mtu yeyote, kwa maana kila mmoja hudhani jirani yake amekwisha kuuliza.

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Baraza linaweza kuwa na watu wema 17, lakini kama hakuna hata mmoja aliyetwikwa mzigo wa ukingo ule wa mto, jambo la ukingo ule hufika mezani likiwa limechelewa.

TULETE HESABU KIWANDANI

Sasa tuje kwetu. Sheria ya kazi ya 2018 inawatambua wajumbe wa wafanyakazi wanaochaguliwa na wafanyakazi wenyewe. Tuchukue kiwanda cha mfano chenye wafanyakazi 400 na viti 5 vya wajumbe. Watu 220 wako kwenye mitambo, 100 wako kwenye kufungasha, 50 ni madereva na wapakiaji, na 30 ni walinzi na wafagiaji.

Njia ya kwanza: kiwanda kizima kinapiga kura, kila mfanyakazi akiwa na kura 5, na wanaoongoza watano wanapita. Watu wa mitambo wakikubaliana juu ya majina matano, kila jina linapata kura 220. Wengine wote wakiungana wanafika 180 tu. Matokeo ni viti 5 kwa mitambo, na sifuri kwa watu 180. Hakuna aliyeiba kura, wala hakuna sheria iliyovunjwa. Hata hivyo, karibu nusu ya kiwanda haina mtu mezani. Mlinzi wa zamu ya usiku anayedai koti la mvua atasemewa na mtu ambaye hajawahi kukesha langoni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Njia ya pili: kila idara ichague wake. Mitambo wapewe 2, na idara nyingine 1 kila moja. Sasa kila mtu ana mjumbe anayemjua kwa jina. Lakini mjumbe mmoja wa mitambo anabeba watu 110, na mjumbe wa walinzi anabeba 30. Watu wa mitambo watanung'unika, nao wana haki ya kunung'unika. Zaidi ya hayo, mwajiri akitaka kugawanya watu, ameshapata mipaka tayari. Atawaongezea madereva posho na kuwaacha wafungashaji, na kila mjumbe atatetea idara yake tu.

Njia ya tatu: kiwanda kizima kipige kura, lakini kwa orodha, na viti vigawanywe kwa kadiri ya kura. Kura 400 kwa viti 5, bei ya kiti kimoja ni kura 80. Mitambo kwa kura 220 wananunua viti 2 na kubakiwa na kura 60. Wafungashaji kwa 100 wananunua 1 na kubakiwa na 20. Viti viwili vilivyobaki vinakwenda kwa wenye mabaki makubwa, yaani mitambo wenye 60 na madereva wenye 50. Mwisho ni mitambo 3, wafungashaji 1, madereva 1, walinzi 0.

Walinzi bado wamebaki nje. Lakini angalia, ndugu msomaji: madereva 50 na walinzi 30 wakiweka orodha moja wana kura 80, bei kamili ya kiti. Wana kiti cha haki bila kungoja mabaki ya mtu, na wanaweza kupatana kwamba mjumbe atoke upande mmoja na msaidizi wake upande wa pili. Njia hii humlipa yule anayeungana na mwenzake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kumbe basi "eneo zima" si kitu kimoja. Uchaguzi wa eneo zima ambamo wengi huchukua vyote ni mbali kabisa na uchaguzi wa eneo zima ambamo kila kundi hupata kwa kadiri yake. Mtu akisimama mkutanoni na kusema, "Tuchague wote kwa pamoja, sisi ni wamoja," tusishangilie mpaka tumwulize: viti vitagawanywaje?

WENZETU WA MBALI NA WA KARIBU

Huko Marekani, katika mji wa bandari wa Mobile, jimbo la Alabama, tangu mwaka 1911 mji uliongozwa na makamishna watatu, kila mmoja akichaguliwa na mji mzima. Watu weusi walikuwa kama theluthi moja ya wakazi. Kwa miaka na miaka hakuna mtu mweusi hata mmoja aliyechaguliwa, kwa sababu katika kila kiti wazungu walio wengi walishinda. Mashtaka yalipelekwa mpaka Mahakama Kuu ya nchi, na mwaka 1980 walalamikaji walishindwa. Mahakama ilitaka ithibitishwe kwamba utaratibu ulikusudiwa kuwabagua. Mwaka 1982 bunge la nchi hiyo lilirekebisha sheria, ili matokeo ya utaratibu nayo yatazamwe. Mwaka 1985 Mobile ilipata baraza jipya la watu saba wanaochaguliwa kwa maeneo, na watu weusi wakaingia.

Somo la Mobile ni kwamba neno "wote" laweza kutumika kuwafungia mlango wachache. Lakini lipo pia somo la upande wa pili, nalo liko karibu. Nchini Uganda, wafanyakazi wana wabunge wao watano, na angalau mmoja lazima awe mwanamke. Hawachaguliwi na jimbo lolote. Huchaguliwa na wajumbe wa vyama vya wafanyakazi kutoka nchi nzima. Mfanyakazi wa sukari na mfanyakazi wa reli, wanaoishi mbalimbali, wana sauti moja bungeni kwa sababu kura zao zilikusanywa kwa nchi nzima.

Hapa tufikiri sana. Mfanyakazi hana sekta. Mchumaji analala Nyakiriba na kuchuma Nyundo. Mpakiaji analala Rubavu na kufanya kazi Nyamyumba. Ukitugawa kwa sekta, sisi ni wachache kila mahali, na kila mahali tunashindwa na walio wengi. Ukitukusanya kwa wilaya nzima na kugawa viti kwa kadiri ya kura, tunaonekana. Kwa hiyo mfanyakazi hana sababu ya kuuchukia uchaguzi wa eneo zima. Ana sababu ya kudai ufanywe kwa namna isiyomeza wachache.

KITI CHA MWAJIRI

Rudi sasa kwenye ile orodha ya watu 17 wa baraza la wilaya. Vijana wana kiti. Wanawake wana viti. Wenye ulemavu wana kiti. Haya yote ni ya haki na tunayaunga mkono. Shirikisho la sekta binafsi, yaani wenye biashara na wenye viwanda, nalo lina kiti.

Mfanyakazi hana.

Barabara ya kwenda kiwandani inapojadiliwa, kodi ya soko inapopangwa, fidia ya waliobomolewa nyumba inapozungumzwa, mwenye mali ana mtu wake mezani kwa mujibu wa sheria. Yule anayeamka saa kumi ya usiku kwenda kuchuma chai anategemea huruma ya madiwani wa jumla. Hatusemi mwenye biashara aondolewe. Twasema kama mwajiri alionekana kuwa kundi linalostahili kiti chake, aliye upande wa pili wa mkataba wa kazi anastahili kadhalika.

TUFANYEJE?

Kuhusu uchaguzi wetu wa kiwandani na shambani, twapendekeza mambo manne yajadiliwe katika kila tawi kabla ya majina kutajwa.

Kwanza, utaratibu uamuliwe kabla ya wagombea. Majina yakishajulikana, kila mtu atatetea utaratibu unaomfaa rafiki yake.

Pili, kama kura ni ya kiwanda kizima, viti vigawanywe kwa kadiri ya kura. Pasipowezekana hivyo, basi vichanganywe: vingine vya idara, vingine vya wote. Afrika ya Kusini hufanya hivyo katika halmashauri za miji. Karibu nusu ya madiwani huchaguliwa kwa kata, na nusu kwa orodha za vyama, ili jumla ilingane na kura.

Tatu, kila mjumbe wa wote akabidhiwe mahali pake siku ile ile ya kuchaguliwa, na jina lake libandikwe kwenye ubao wa matangazo. Fulani atapokea malalamiko ya zamu ya usiku. Fulani atapita kwa wachumaji wa kilima kile kila wiki. Jambo hili halihitaji kubadili sheria yoyote, nalo linaziba pengo lile tuliloliona ukingoni mwa Sebeya.

Nne, kuwe na siku ya hesabu. Kila miezi mitatu mjumbe asimame mbele ya wote waliomchagua, aeleze alilopewa, alilofanya na lililomshinda, na maneno yake yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano. Asiyefika mara mbili bila udhuru, mkutano upige kura kama aendelee.

Kuhusu baraza la wilaya, viongozi wetu wa matawi waandike barua ya heshima kuomba mambo mawili: kila diwani wa jumla apewe sekta za kufuatilia na jina lake litangazwe huko, na wafanyakazi waalikwe kusikilizwa pale mambo ya viwanda na mashamba yanapojadiliwa. Kudai kiti kamili kunahitaji kubadili sheria ya nchi, na hiyo ni kazi ya shirikisho letu la vyama huko Kigali. Lakini shirikisho halitakuwa na la kusema kama sisi huku chini hatukulisema kwanza.

Ndugu wafanyakazi, mjumbe wa wote ni mjumbe wa yule anayemjua kwa jina, anayejua amekabidhiwa nini, na anayemwita siku ya hesabu ifikapo. Mkutano wa tawi ukiitishwa kuhusu utaratibu wa uchaguzi, tusiseme tumechoka, wala tusiseme hilo ni la viongozi. Tufike sote, wa mitambo na wa lango, wa kilimani na wa ghalani.